Kipchoge hakukimbia solo, boss

Hapa soko la Kibuye, Kisumu, kila boss anajiona Kipchoge, ati jitume tu hakuna limiti, na ni kweli kumaliza umbali wa marathoni kwa saa 1:59:40 pale Vienna Oktoba 2019 si mchezo, lakini wanasahau wale wakimbiaji 41 waliokuwa wanapokezana kumkinga upepo, watano mbele wawili nyuma, wakichoka wanaingia wengine, na si watu wa kuokota, Bernard Lagat alikuwa hapo, Matthew Centrowitz bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 2016 pia. (Eti haikuhesabiwa rekodi juu ya hiyo kupokezana. Sawa, lakini duka lako haliangaliwi na marefa wa riadha.)

Sasa cheki hadware zetu: kijana mmoja anafungua asubuhi, anauza, anabeba simiti, anajibu WhatsApp, anafunga usiku, alafu boss anashangaa mbona amekuwa mkali kwa wateja. Wekeni zamu jamani, hata ya watu wawili.

Alafu kule kambi yao ya mazoezi Kaptagat, Kipchoge naye huosha choo kama wengine. Mabosi wa Oginga Odinga Street sijawahi waona na ufagio, labda hufagia nikienda lanchi.