Namba ya kila mchezaji

Mimi ni kocha wa viungo wa timu ya soka ya wanawake hapa Dar, na kitu kinachonisaidia kuliko vyote ni daftari na kalamu. Mazoezi yakiisha tunasubiri kama nusu saa, kisha kila mchezaji ananiambia pembeni, si mbele ya wenzake, yalikuwa magumu kiasi gani, kuanzia 0 hadi 10. Nazidisha na dakika. Akisema 7 kwa dakika 90, mzigo wake, yaani kazi ambayo mwili wake umebeba siku hiyo, ni 630.

Juzi kiungo wetu mmoja alitaja 9 wakati wengi walitaja 5. Nikamuuliza, "Umelala kweli?" Akanijibu, "Kocha, mtoto anaumwa, nimekesha naye." Kesho yake alifanya mazoezi mepesi akawahi nyumbani. Wapo walionuna. Kwangu huo ndio ukocha wenyewe.

Hedhi nayo tunaizungumza bila kuona haya. Chelsea ya wanawake chini ya Emma Hayes ilianza kuzingatia mzunguko wa kila mchezaji kwenye mazoezi, hilo lilijulikana tangu 2020.

Msimu wa 2022/23 Arsenal iliwakosa Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither, wote kwa kuchanika ligamenti ya mbele ya goti. Jeraha hilo lina sababu nyingi, siwezi kuulaumu uchovu peke yake, lakini naogopa sana kumwona mchezaji aliyechoka akiruka na kutua.

Viongozi wa klabu, nawaomba: safari ya basi ya usiku kucha kabla ya mechi nayo ni mzigo. Tuipangie siku ya kupumzika.