Bibi Aliyehesabu Kuanzia Mwisho

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Bibi yangu mzaa mama hakupenda watoto wahesabiwe. Mgeni akiuliza, "Mama, hapa mna watoto wangapi?" jibu lilikuwa lile lile: "Wapo tu, Mungu ndiye anayejua." Kuhesabu watoto ni kuwaitia kijicho, alisema, na akikukuta unawanyooshea kidole mmoja mmoja, kidole hicho kilichapwa. Baadaye nilisoma katika 2 Samweli 24 habari ya Daudi aliyemtuma Yoabu akawahesabu watu, na kazi ilipokwisha moyo wake ukamchoma. Nikadhani bibi aliisoma kabla yangu. Bibi hakujua kusoma.

Ndiyo maana andiko la juma hili lilinitatiza miaka mingi. Zaburi ya 90, sala ya Musa, inaomba: "Basi, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima." Kuhesabu tena! Halafu, kwa nini tujulishwe? Mistari miwili juu yake hesabu imeshapigwa: miaka sabini, na tukiwa na nguvu themanini. Chukua sabini, toa umri wako. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza hesabu hiyo, na haijampa mtu hekima yoyote, labda usingizi mbaya tu.

Aliyenisaidia kuuelewa mstari huu ni bibi mwingine, wa mbali. Katherine Johnson, mwanahisabati wa safari za angani, alizaliwa tarehe 26 Agosti 1918 huko White Sulphur Springs, West Virginia, Marekani, kitinda mimba wa watoto 4. Alifariki tarehe 24 Februari 2020 akiwa na miaka 101, akiwa ameipita ile themanini ya Musa kwa mbali. Na yeye, tofauti na bibi yangu, alihesabu kila kitu. Uzeeni alisimulia kwamba utotoni alihesabu hatua za kufika barabarani, ngazi za kanisani, hata sahani na vijiko alivyoosha. Huenda alirithi. Baba yake, Joshua Coleman, mkulima na mkata miti, aliweza kuutazama mti uliosimama akajua utatoa mbao ngapi.

Baba huyo naomba nimkalie kidogo. Kwao, shule ya watoto weusi iliishia darasa la nane. Akaihamishia familia mji wa Institute, mwendo wa kilomita 200 hivi, ili watoto waendelee kusoma, yeye akabaki nyuma kufanya kazi. Mzazi aliyewahi kuuza ng'ombe wa mwisho ili kulipa ada hahitaji kuelezwa zaidi. Binti aliingia sekondari akiwa na miaka 10, na mwaka 1937, akiwa na 18, akamaliza chuo katika hisabati na Kifaransa.

Alifundisha shule. Akaolewa na James Goble. Alikuwa mmoja wa wanafunzi 3 wa kwanza weusi walioruhusiwa kusomea shahada ya juu katika chuo kikuu cha jimbo lake, lakini alipopata ujauzito aliacha, akalea mabinti watatu. Kazi ambayo dunia inamkumbuka kwayo aliianza mwaka 1953, akikaribia miaka 35, katika kituo cha Langley huko Hampton, Virginia, chini ya shirika ambalo baadaye lilikuja kuwa NASA, shirika la anga la Marekani. Wakati huo kompyuta ilikuwa kazi ya mtu: wanawake waliokaa na penseli na mashine za mezani wakikokotoa. Wale weusi walitengewa chumba chao na meza yao ya kulia. Alipoambiwa wanawake hawaingii mikutano ya wahandisi, aliuliza kama kuna sheria inayokataza. Haikuwepo, na mwishowe akaingia.

Desemba 1956 mumewe alikufa kwa uvimbe kwenye ubongo. Mabinti watatu bado wako nyumbani, na kazini hesabu zinasubiri. Wajane wa kanisa letu wanaijua asubuhi ya namna hiyo, unapofunga kitambaa vizuri na kwenda kazini kwa sababu watoto watakula jioni. Mwaka 1959 aliolewa tena, na James Johnson, wakaishi pamoja karibu miaka 60.

Sasa nifike ninapopataka. Mwaka 1961 Alan Shepard alikuwa Mmarekani wa kwanza kurushwa angani, na njia ya chombo chake aliikokotoa Bibi Katherine. Alieleza baadaye kwamba aliwaambia wakubwa wake waseme tu wanataka chombo kitue wapi na saa ngapi. Yeye angehesabu kurudi nyuma, awaambie wakirushe wakati gani. Alianza na pale pa kutua.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya John Glenn, aliyetakiwa kuizunguka dunia na kurudi baharini akiwa hai. Mashine mpya za umeme zilikuwa zimeshatoa majibu, lakini Glenn hakuziamini sawasawa. Akasema aitwe yule msichana azikague namba, na akisema ziko sawa, yeye yuko tayari kwenda. (Huyo "msichana" alikuwa na miaka 43 na watoto watatu. Tuendelee.) Alizirudia kwa mkono, moja baada ya nyingine. Zilikuwa sawa. Tarehe 20 Februari 1962 Glenn aliizunguka dunia mara 3 akatua salama katika Bahari ya Atlantiki.

Rudini sasa kwenye Zaburi. Musa haanzi na miaka sabini. Anaanza hivi: "Wewe, Bwana, umekuwa makao yetu, kizazi baada ya kizazi." Kwanza makao, mahali pa kutua. Ndipo aje kwenye siku. Mimi nilikuwa nahesabu kuanzia upande wa kurushwa: nimetumia ngapi, zimebaki ngapi. Hesabu ya Daudi ilikuwa ya namna hiyo pia, Israeli watu 800,000 wenye kufuta upanga, Yuda 500,000, akitaka kujua ana kiasi gani. Bibi Katherine alijaza karatasi kwa karatasi ili mtu mmoja arudi nyumbani.

Alistaafu mwaka 1986 baada ya miaka 33, akawa anazungumza na wanafunzi na kuwatia moyo wapende hesabu. Mwaka 2015 Rais Obama alimvika Nishani ya Uhuru. Na kwa miaka 50 aliimba kwaya katika kanisa lake, Carver Memorial Presbyterian, huko Newport News. Nawaza mazoezi ya katikati ya juma, mtu ametoka kukokotoa njia ya kwenda mwezini, anaketi kungoja mwalimu wa kwaya aliyechelewa.

Juma hili nilijaribu. Tangu Pasaka nimekuwa nikisema nitakwenda kumwona mama mdogo, bintiye yule bibi yangu, wiki ijayo. Nikachukua daftari nikaandika kwanza pale ninapotaka kutua: nimekaa naye jikoni, tukiwa wote wazima. Nikarudi nyuma mstari kwa mstari. Mstari wa mwisho ulisema basi la Jumatano, saa 12 asubuhi.

Nilimkuta anachambua mchele. Tukasalimiana, tukaomba, akaanza kuuliza habari za nyumbani, nani kaolewa, nani kajifungua, wajukuu wamefika wangapi sasa. Nikanyoosha kidole nianze kuwataja. Akakichapa.