Nilivyozipunguzia spika zangu besi, na kapasita iliyonidanganya

Spika zangu za sebuleni zina koni za inchi 5, na kila gitaa la besi liliposhuka hadi uzi wake mnene kabisa, unaotetema mara 41 kwa sekunde, koni hizo zilipiga mbele na nyuma hadi ukaziona kwa macho, na sauti ya mwimbaji ikitikisika pamoja nazo. Kwa kuwa sabufa (spika ya besi pekee) yenye amplifaya yake ilikuwapo, niliamua kuyapunguza masafa ya chini ya hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) kabla hayajaifikia amplifaya ya spika hizo, kwa kuweka kapasita moja, kijenzi kinachozuia masafa ya chini zaidi ya yale ya juu, kila upande kwenye waya wa sauti utokao priampu, kifaa kinachotangulia amplifaya.

Hesabu ya mkato, yaani masafa ambapo volteji hushuka hadi karibu asilimia 71, ni fupi: 1 hugawanywa kwa zao la 6.28, ukinzani wa mlango wa amplifaya, na ukubwa wa kapasita. Nilichukulia ukinzani kuwa kiloomu 47, nikanunua kapasita za filamu za nanofaradi 47, nikitarajia hezi 72. Nilipowasha, sauti za kiume zilikuwa zimekonda kama za redio ya mfukoni.

Nilikuwa nimesahau kwamba katika kichujio cha namna hii amplifaya yenyewe ndiyo rezista (kijenzi cha ukinzani), kwa hiyo ukinzani wake haukisiwi. Niliziondoa kapasita, nikachomoa spika, nikapitisha mlio wa hezi 400 kutoka kwenye simu na kupima volteji inayotoka kwenye amplifaya. Kisha nikajaribu rezista moja baada ya nyingine kwenye waya wa sauti hadi volteji ikashuka kuwa nusu. Iliyofanya hivyo ilikuwa ya kiloomu 22. Kumbe nilikuwa nikikata kwenye hezi 154! Ukinzani wa priampu, omu mia chache tu, niliupuuza.

Sikuhitaji kutupa kitu, kwa sababu kapasita zikiwekwa sambamba hujumlishwa: mbili za 47 huwa nanofaradi 94, na mkato huangukia hezi 77. Nilizilehemu na kuzifungia ndani ya kopo la bati lililounganishwa na waya wa ganda (ule wa chuma unaouzunguka waya wa sauti), maana zikiwa wazi zilidaka mngurumo wa umeme.

Nilipopima tena, volti 2 za hezi 400 zilishuka kwenye hezi 77 hadi 1.44 upande wa kushoto na 1.40 upande wa kulia, tofauti ambayo sikio langu halijaigundua. Mteremko wa kapasita moja ni mpole, desibeli 6 kwa kila oktavu, yaani volteji hupungua kwa nusu kila masafa yanaposhuka kwa nusu, kwa hiyo koni bado husogea kidogo, lakini mwimbaji ametulia.