Adili, nyani wake, na baba mdogo

Nimemaliza kusoma tena Adili na Nduguze ya marehemu Shaaban Robert na mpaka saivi nnapoandika hapa akili haijatulia. Mara ya kwanza nilikisoma nikiwa shule ya msingi, hapa hapa Tanga, kitabu hakina kava, kimepita kwa kaka kikapita kwa dada ndo kikanifikia mimi kimeshachoka, na wakati ule kwangu ilikuwa hadithi ya majini na nyani basi, sikuwa na habari nyingine. Safari hii nimekikuta kwenye boksi la vitabu vya marehemu baba nikasema ngoja nimsomee mtoto wa dada kurasa mbili tatu alale. Kalala yeye, mi nikaendelea peke yangu mpaka karibu na adhana ya alfajiri.

Kwa ambao mmesahau, manake wengi tulikisoma mbio mbio. Kuna mfalme wa Ughaibuni anaitwa Rai, anamtuma mtu wake Ikibali aende Janibu kuchukua kodi kwa Adili ambaye ndo anatawala huko kwa niaba yake. Ikibali anapokelewa vizuri, anakirimiwa, halafu usiku anagundua kwamba huyu mwenyeji wake mpole anayesifiwa na kila mtu ana nyani wawili kawafungia ndani, anawachapa kwelikweli, akishamaliza kuwachapa anawalisha huku analia. Kumbe wale nyani ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu. Baba yao alipofariki waliachiwa urithi, hao wawili wakaupoteza wa kwao, Adili akagawana nao alichonacho, wakasafiri pamoja baharini, na humo safarini wakamwonea kijicho kwa sababu ya binti mmoja, Mwelekevu, wakamtosa baharini. Aliyemwokoa ni Huria, jini ambaye Adili alishamtendea wema huko nyuma, na Huria ndo akawageuza wale wawili nyani, akamwachia Adili amri ya kuwachapa kila usiku, apende asipende.

Utotoni kilichonishika mimi wala sio nyani, ni ule mji wa watu waliogeuka mawe. Mwelekevu anapatikana humo, yeye peke yake ndo mzima, wengine wote mawe. Tena bahati mbaya ndo kipindi hicho hicho shule ikatupeleka mapango ya Amboni, na kama umewahi kufika kule unajua yale mawe ya chokaa yalivyo, mtembeza wageni anamulika tochi anakwambia hapa kuna hiki, pale kuna kile, hebu angalieni vizuri. Wenzangu wanacheka mi natetemeka nimemshika mwalimu sketi. Nilishaamua kichwani kwamba wale ni watu na mwandishi alikuja kuwaona hapo, maana si mtu wa huku huku bwana, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, na Amboni ni hapo tu ukishatoka mjini njia ya Mombasa. Sina ushahidi wowote na sijawahi kuutafuta, lakini ile picha ya Amboni haijanitoka, nimesoma juzi mji wa mawe nikaona yale yale mapango.

Sasa safari hii mji wa mawe nimeupita haraka tu. Nimekwama kwenye kile chumba cha nyani.

Mtu anawatawala watu mchana, mwenye cheo, mwenye adabu zake, halafu nyumbani kwake kuna mahali hapaingii mgeni. Na humo ndani anafanya jambo analolichukia kila siku ya Mungu, hawezi kuacha, hawezi kumwambia mtu, na kesho asubuhi anatoka kavaa vizuri anaitikia salamu. Nikasimama hapo nikaweka kitabu chini, kwa sababu huyu mtu mimi namjua. Nimekula naye sahani moja.

Baba alikuwa na mdogo wake ambaye kwetu pale Ngamiani jina lake halikuwa linatajwa. Sisi watoto tulijua tu kuna baba mdogo yupo Mabokweni na hatumuulizii. Kila Ijumaa baada ya sala baba alikuwa anachukua hotipoti jikoni, anaifunga nyuma ya baiskeli, anaondoka, akirudi jioni haongei na mtu mpaka alale. Mama alikuwa anapakua kile chakula huku amenuna. Tumekuja kuelewa wakubwa kwamba baba mdogo aliuza shamba la minazi la babu bila kumwambia mtu, hela ikaenda isikojulikana, wazee wakakaa wakaamua asikanyage nyumbani, na aliyepewa kazi ya kumpelekea ile kauli ni baba kwa kuwa ndo mkubwa. Kwahiyo yeye ndo alimfukuza na yeye ndo alikuwa anampelekea wali wa nazi na samaki kila Ijumaa, na yote mawili aliyafanya mpaka mwisho bila kukosa. Nilikuwa nasema baba mtu wa ajabu, kama umemsamehe si umsamehe, kama hujamsamehe si uache kumlisha. Nimemsoma Adili anachapa, analisha, analia, nikasema aha.

Kitu kingine ambacho mtoto hawezi kukiona: Adili hakwenda mwenyewe kwa Rai kuomba msaada. Angekaa na ile siri yake mpaka kaburini. Imetoka kwa sababu mgeni kaja kwa mambo ya kodi kaona kisichomhusu, kafika kwa bwana wake kasema, na Rai kamwita Adili aje na nyani wake aeleze. Na ninachompendea Rai ni kwamba hakuanza na hukumu, alitaka kujua kwanini, akakaa akasikiliza kisa chote, ndo akawaombea wale ndugu warudishiwe utu wao. Napenda pia kuwaza kwamba Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani kwenye forodha ya mkoloni miaka mingi tu, anahesabu ushuru wa watu, halafu kwenye kitabu chake mtu anayekuja kuchukua kodi ndo anayefungua mlango wa siri. Labda nazidisha, lakini karani wa forodha anaona mizigo mingi ya watu jamani.

Kwetu Ikibali wetu walikuwa wakwe. Dada alipochumbiwa ikaja familia ya mume kutoka Muheza, watu wastaarabu, wamekaa kwenye jamvi wanatambulishana huyu shangazi huyu mjomba, mzee wao mmoja akauliza hivi hivi tu bila nia mbaya, na baba mdogo wa bibi arusi yuko wapi? Kimya. Nakumbuka shangazi alijikohoza akamimina chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa kimejaa tayari. Baba akasema yupo, Mabokweni, atakuja. Na alikuja kweli siku ya harusi, kavaa kanzu imepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, akakaa karibu na mlango kana kwamba anajiandaa kutoka, baba akamfuata akamhamishia mbele. Shamba halikurudi wala hakuna aliyelitaja siku ile.

Ndo maana safari hii mwisho wa kitabu haujanikera. Zamani nlikuwa naona mwandishi kalegea, watu wamemtosa ndugu yao baharini halafu mwishoni msamaha, ndoa, Adili anamuoa Mwelekevu, kila mtu anafurahi! Sasa kisa chenyewe ukikitafuta kwenye Alfu Lela Ulela kipo, mzee alikichukua huko akakipika upya, kule mtawala yupo Basra na mfalme ni Harun al-Rashid, na walioadhibiwa wamegeuzwa mbwa sio nyani. Lakini kule wale ndugu wakisharudishiwa ubinadamu wanarudia ubaya wao ule ule na wanaishia kuuawa. Shaaban Robert alikuwa na huo mwisho mkononi akauacha. Kitabu kimetoka 1952, mtu mzima ana miaka arobaini na kitu, keshaona maisha, keshaona wazungu wanatawala na ndugu wanagombana, sio kwamba alikuwa hajui watu wanarudia makosa. Alijua. Akachagua wale wawili wakae mezani tena. Mimi hiyo naiona ni kazi ngumu kuliko kuwanyonga, kwa sababu ukishanyonga hadithi imeisha, ila ukisamehe inabidi kesho muamkiane.

Kasoro naiona kwa Mwelekevu tu. Binti kapona peke yake kwenye mji mzima wa mawe, hiyo peke yake ingetosha kitabu kingine, na ninavyomwona mimi hakupewa nafasi ya kutosha. Ningependa kusikia yeye anawaonaje hao mashemeji.

Jana nikamsimulia mama haya yote tukiwa tunachambua mchele. Amesikiliza mpaka mwisho, hata hakuinua macho. Nikamuuliza, mama, ungekuwa wewe Rai ungewaombea? Akasema angewaombea, mbona, lakini sio haraka vile, angewaacha nyani mwaka mmoja zaidi washike adabu. Halafu akaniambia nisiandike tu habari za baba yako na mdogo wake na baiskeli yao, kwa sababu shamba lilikuwa la babu yako sawa, ila aliyekuwa anaamka alfajiri kuifyekea ile minazi alikuwa yeye mama, na mpaka leo hakuna mtu aliyekuja kumwomba msamaha.