Kelele ya taimingi cheni: isome tensheni ya zamani kabla ya kununua mpya

Juni na Julai, nenda kijiwe chochote cha bodaboda hapa Mbeya, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, hukosi pikipiki moja inayowaka kwa mlio kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Mwenyewe atakuambia ikipata moto inaacha, na kweli inaacha. Baadaye inakuja siku haiachi. Hapo anaambiwa anunue tensheni, kile kifaa kinachokaza taimingi cheni (cheni ya ndani ya injini), anafungiwa chapchap, kelele inapungua, na baada ya muda mfupi imerudi vilevile. Analaumu spea za siku hizi. Mara nyingi kosa lilifanyika pale ile ya zamani ilipotupwa kwenye ndoo ya chuma chakavu bila mtu kuitazama.

Kwanza jua kama injini yako ina taimingi cheni. Pikipiki nyingi za Kichina za cc 125 na 150 zina injini ya aina ya CG: kamu, mhimili unaofungua valvu, iko chini karibu na kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inazungushwa na gia, na valvu zinasukumwa na fimbo mbili ndefu. Humo hamna taimingi cheni, kwa hiyo kelele ya sehemu ya juu ya injini itafute kwenye roka, mikono midogo inayobonyeza valvu, na tapeti, skrubu za kurekebisha uchezaji wake. Pikipiki za Boxer na TVS HLX ni habari nyingine. Kamu yake imekaa juu kwenye hedi, kichwa cha injini, na cheni ndefu ndiyo inayoileta nguvu kutoka kranki.

Cheni hiyo inapita kati ya raba mbili. Ukiitazama injini kutoka upande wa kushoto, kranki inazunguka kinyume cha saa, hivyo upande wa mbele wa cheni ndio unaovutwa na wa nyuma ndio unaolegea. Ndiyo maana raba ya mbele haichezi, imekaa tu kuiongoza cheni, na raba ya nyuma imeshikiliwa chini kwa boliti ili iweze kusukumwa. Anayeisukuma ni tensheni, ile iliyofungwa nyuma ya bloku chini ya kabureta kwa boliti mbili. Kila cheni inaporefuka kidogo, tensheni inatoka kidogo. Ikifika mwisho wa safari yake haina pa kwenda tena, na ukifunga mpya kwenye cheni ileile, nayo itaanza kazi ikiwa karibu na mwisho.

Baridi ya huku juu inachanganya watu. Bloku ni ya aluminiamu na cheni ni ya chuma, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikipoa, hedi inashuka kidogo na cheni inalegea. Ikipata moto, cheni inakazwa. Ongeza oili nzito inayochelewa kupanda juu kwenye asubuhi ya Njombe au Makete, na kelele ya sekunde chache haishangazi. Ya kuogopa ni ile inayoendelea injini ikiwa ya moto, hasa kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka bila kupewa mafuta, na pale unapoachia mafuta ghafla kwenye mteremko.

Usikimbilie kufungua. Shika klachi: kelele ikipotea, angalia nyumba ya klachi. Tapeti hugonga kwa mpangilio, tik tik tik, na kasi yake inapanda na mafuta. Taimingi cheni haina mpangilio, inakwaruza na kuchakacha upande mmoja wa bloku. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku upande wa cheni, mpini kwenye sikio, kisha hamishia upande wa pili. Tofauti utaisikia bila kuambiwa.

Sasa kuisoma tensheni. Injini iwe baridi, pikipiki kwenye stendi kubwa, na usafishe vumbi lote pale nyuma ya bloku, maana likiingia ndani linaenda moja kwa moja kwenye oili. Toa plagi ili injini izunguke kirahisi. Fungua vifuniko viwili vya kava la magneti, lile gurudumu la sumaku la kuzalisha umeme: cha katikati unaingiza spana ya boksi, mara nyingi namba 14 au 17, cha juu unachungulia alama. Zungusha kinyume cha saa. Itapita alama F, ya cheche, halafu inakuja T, ya pistoni kufika juu. Unayoitaka ni T. Watu wengi wamefunga taimingi kwenye F kwa sababu ndiyo waliyoiona kwanza. Pistoni ikiwa juu, tikisa roka kwa vidole kupitia matundu ya tapeti: zote mbili ziwe na uchezaji kidogo. Kama moja imekaza, zungusha kranki mzunguko mmoja kamili urudi kwenye T.

Kuanzia hapa hadi tensheni irudi mahali pake, kranki isiguswe. Wala usipige kiki "kuangalia tu".

Tensheni ziko za aina mbili hasa kwenye pikipiki hizi. Ya kwanza ina meno kwenye fimbo na ulimi mdogo unaozuia isirudi nyuma. Kwa hiyo anza na boliti ya katikati, itoe pamoja na springi, ndipo ulegeze boliti mbili za pembeni. Ukianza na za pembeni, springi itaisukuma fimbo yote nje na hutajua ilikuwa imesimama wapi. Springi ikitangulia kutoka, fimbo inabaki palepale ilipokuwa. Hesabu meno yaliyobaki. Yakiwa mawili au matatu tu, cheni na raba ndizo zilizokwisha. Yakiwa bado mengi na kelele ilikuwa kubwa, angalia ulimi: mara nyingi umelika ncha, au fimbo imeganda kwa uchafu wa oili. Hiyo ndiyo kesi ambayo tensheni mpya peke yake inatosha.

Aina ya pili ni ya skrubu. Ukitoa boliti ndogo ya nyuma unakuta mfereji wa bisibisi bapa nyembamba. Ukizungusha kufuata saa, fimbo inarudi ndani. Ukiachia, springi ya ndani inaisukuma nje. Hii haina meno ya kuhesabu, kwa hiyo hesabu mizunguko: ikiwa bado imefungwa, irudishe ndani taratibu hadi ikwame, ukihesabu. Kisha itoe, iachie itoke yote, na uirudishe tena mkononi ukihesabu. Tuseme mkononi umepata mizunguko kumi, na kwenye injini ulipata tisa. Imebakiza mmoja. Jawabu ni lile lile: cheni na raba ndizo zilizokwisha.

Injini ya skrubu ina kipimo kingine cha haraka. Washa kwenye sailensi, toa ile boliti ndogo, ingiza bisibisi na uisaidie tensheni kutoka, yaani kinyume cha saa, kwa nguvu ya vidole viwili tu. Kelele ikikata, springi imechoka. Isipokata, shida iko kwenye cheni au raba, au siyo cheni kabisa. Anayekaza kwa mkono mzima anapata ukimya wa leo na raba iliyoliwa kesho.

Kama hesabu imeonyesha mwisho wa safari, fungua kava la kamu. Jaribu kuinua cheni juu ya meno ya sproketi, pale juu kabisa, huku raba ya nyuma ikisukumwa kwa kidole kupitia tundu la tensheni. Ikiinuka hadi nusu ya jino ionekane, imerefuka. Ukishaitoa, ishike kwa ncha mbili ikiwa imelala ubavu: mpya inakaa karibu bapa, iliyochoka inaning'inia kama kamba ya katani. Raba nazo zitazame kwa jicho na ukucha. Njia ya cheni ikiwa imechimbika kiasi cha kuukamata ukucha, au kuna ufa, au kipande kimemeguka, zitoke. Kipande kilichomeguka hakijayeyuka; kiko kwenye chujio la oili au njiani kuelekea huko. Kitafute.

Kubadili seti nzima ni kazi ya nusu siku, si ya dakika ishirini. Mwaga oili. Toa ekzosi, kabureta, kava la magneti na magneti yenyewe. Magneti hutolewa kwa pula yake, chombo cha kuivuta nje. Nyundo inavunja sumaku na kuharibu uzi wa kranki. Sproketi ya kamu imeshikwa na boliti mbili au tatu, na kabla ya kuzifungua funga cheni kwa waya, la sivyo inadumbukia ndani. Kwenye injini nyingi za muundo huu raba ya mbele hutoka kwa juu baada ya kutoa hedi, na ya nyuma kwa boliti yake ya chini nyuma ya magneti. Hedi ikitoka, gasketi mpya ni lazima.

Dukani usiseme "nipe seti ya Boxer" ukaondoka. Beba cheni ya zamani. Hesabu viungo vya zote mbili, kwa sababu za BM 100 na 150 hazilingani na muuzaji ana foleni. Kisha zilaze sambamba juu ya kaunta: idadi ikiwa sawa lakini ya zamani imepitiliza kwa sehemu ya kiungo, umeona kwa macho urefu ulioongezeka. Angalia pia sproketi mbili, ya kranki na ya kamu. Meno yakiwa yamechongoka au yameinamia upande mmoja, cheni mpya haitadumu juu yake.

Kurudisha: kranki kwenye T, kamu huku pua zake, zile nundu zinazosukuma roka, zikitazama chini ili roka ziwe huru, mistari ya sproketi ilingane na uso wa hedi, au alama ya duara ilingane na ile ya hedi, kutegemea injini. Upande wa mbele wa cheni uwe umenyooka kabisa kabla ya kuingiza boliti; ulegevu wote ubaki nyuma. Jino moja tu likikosewa kwenye sproketi yenye meno 34, kamu inakuwa nje kwa digrii zaidi ya 10, na kwa upande wa kranki ni zaidi ya 21. Pikipiki itawaka, lakini mlima wa Mporoto itaupanda kwa gia ya kwanza. Yakiwa mawili au matatu unaweza kugonganisha valvu na pistoni.

Tensheni inaingia ikiwa imerudishwa ndani yote. Ya meno: bonyeza ulimi, sukuma fimbo hadi mwisho, funga boliti mbili, ndipo springi na boliti ya katikati, na utasikia inapiga tak tak ikitoka. Ya skrubu: ishikilie kwa kile kifunguo cha bati chenye umbo la T kinachokuja nayo. Kama hakipo, kata bati la milimita 1. Boliti za 6 mm hazitaki nguvu: Nm 10 hadi 12 zinatosha, na uzi wa aluminiamu ukichomoka kazi imeongezeka. Gasketi ni moja. Mbili zinairudisha tensheni nyuma na kuipunguzia safari. Silikoni ukiipaka kama siagi, inayobanwa kuingia ndani inaenda kuziba njia ya oili.

Kabla ya plagi kurudi, zungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili ya kranki, kinyume cha saa, urudi kwenye T. Alama zote ziwe palepale. Spana ikikwama, simama, fungua upya. Kisha tapeti, kwa fila, bati jembamba la kupimia nafasi: injini nyingi za daraja hili ni kati ya 0.05 na 0.10 mm, namba kamili iko kwenye kitabu cha pikipiki. Oili mpya, karibu lita moja. Piga kiki mara kumi bila plagi ili oili ipande, halafu ndipo uwashe.

Ule ujanja wa kuweka washa, kipete cha bati, nyuma ya springi ili "iongeze nguvu" uache. Cheni inakazwa kupita kiasi, na injini ikipata moto inaanza kupiga mluzi. Raba inageuka unga ndani ya oili.

Jambo moja la milimani. Pikipiki ikiegeshwa ikitazama juu ya mlima huku iko kwenye gia, na nyuma ina magunia ya viazi kutoka Isyonje, uzito unairudisha nyuma na kranki inazunguka kinyumenyume. Sasa upande wa nyuma wa cheni ndio unaovutwa, unaisukuma tensheni, na iliyochoka inaachia cheni iruke jino. Dereva anaikuta haiwaki na analaumu petroli. Igeuze itazame chini kwenye gia ya kwanza, au weka jiwe nyuma ya gurudumu la nyuma na uiache huru.