Krismasi Ukweni, Ng'ambo ya Kigongo

Wakwe zangu wanaishi kijijini, wilaya ya Sengerema, mkoa wa Mwanza. Mimi na mume wangu makazi yetu ni Mombasa. Mwaka mzima tunaongea nao kwa simu, na kwenye simu wao ni wazima siku zote: mvua imenyesha, ng'ombe wapo, Baba anakohoa kidogo tu. Mama anawauliza wajukuu, kisha anaaga haraka asije akatumalizia salio. Kwa hiyo Desemba 2025 nilimwambia mume wangu, safari hii hatutumi pesa za sikukuu, tunakwenda wenyewe.

Basi la usiku kutoka Nairobi linapita Narok, Kisii na Migori. Mpakani, mihuri ya kutoka Kenya na ya kuingia Tanzania yote inagongwa upande wa Sirari. Kisha ni Tarime, daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, Bunda, Lamadi ambako Serengeti inasogea hadi karibu na barabara, Magu, na hatimaye mawe makubwa ya Mwanza. Tulishuka stendi ya Nyamhongolo, tukaenda Nyegezi kupanda gari la Sengerema.

Nilikuwa nalisubiri daraja. Zamani ukifika Kigongo unapanga foleni ya kivuko, unakula mahindi ya kuchoma, unakitazama kivuko kimetia nanga Busisi wala hakina haraka. Sasa kuna Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na gari linavuka kwa dakika chache. Mume wangu hakusema neno mpaka tulipofika upande wa pili. Dada yake mkubwa alishikwa na uchungu kwenye foleni ile akikimbizwa Bugando, hospitali kubwa ya Mwanza, na kwao habari hiyo haisimuliwi kwa kicheko.

Boma la wakwe limezungushiwa minyaa. Nilipiga magoti kuwaamkia, Mama akaniinua mwenyewe, na mikononi mwake nilihisi mifupa mitupu. Jioni alitupakulia sato na ugali wa muhogo, akaweka na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pembeni kwa sababu anajua nayapenda. Alikataa katakata nisimsaidie, ila sufuria alikuwa akiliinua kwa vituo.

Kesho yake nikimfagilia chumba niliona vidonge vyake vya presha vimefungwa kwenye karatasi ya daftari, kila kimoja kimekatwa katikati kwa wembe.

"Nakula nusu, mwanangu, siku ambazo kichwa kinauma."

Duka la dawa liko mbali na bodaboda ni ghali, na hakutaka kumsumbua mwanawe. Nilikaa naye kitandani nikamweleza kwamba presha inaweza kupanda bila kichwa kuuma, ndiyo maana dawa yake ni ya kila siku. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaniomba nisimwambie mume wangu. Hilo nilimkatalia, kwa heshima zote, kwa kuwa siri ya namna hiyo inaua mtu.

Baba naye haoni. Nasema haoni, ingawa mwenyewe husema "macho yamechoka". Ng'ombe anawajua kwa mlio na watu kwa hatua zao. Siku ya Krismasi, kwenye ngazi za kigango, alijikwaa nami nikiwa nyuma yake. Katika nyumba hii mkamwana hali chakula pamoja na baba mkwe, sembuse kumgusa. Nikageuka kumtafuta mtoto yeyote wa kumshika. Yeye akanyoosha mkono nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Nishike, mwanangu." Nikamshika mpaka kwenye benchi. Hakuna aliyenung'unika, na Mama alikaa upande wangu ibada nzima.

Sikukuu ilipopita tulimpeleka Baba Bugando. Tuliondoka asubuhi tukarudi jioni, jambo ambalo enzi za kivuko lilihitaji kuomba Mungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili: lenzi imeingia ukungu, inatolewa na kuwekwa ya bandia, jicho moja kwanza, la pili baadaye. Baba aliuliza swali moja tu, kama atakuwa amepona kabla ya kupalilia.

Usiku huo mume wangu aliwaomba wahamie Mombasa. Mimi nilijua jibu, na kusema kweli nililikubali moyoni kabla halijatolewa.

"Mombasa nitamjua nani?" Baba alisema. "Hapa hata nisipoona naijua njia ya zizini. Huko nitakuwa mtu wa kukalishwa kwenye kochi."

Tukapanga kinachowezekana. Mjukuu wa shemeji aliyemaliza kidato cha nne atahamia pale, na kila mwezi atatupigia akiwa ameshika karatasi ya dawa, azihesabu tukisikia. Vidonge vya miezi mitatu tulimwachia Mama, vizima. Nauli ya duka la dawa itatumwa kwa mjukuu, maana Mama akiipata yeye ataigeuza sukari ya wageni. Februari mume wangu atarudi kwa jicho la kwanza. La pili nitakwenda mimi; Baba mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, na ruhusa kazini nimeshaiomba.