Namna nilivyopunguza kitambi nikiwa kwenye dayalisisi, bila kujimaliza nyama za mwili

Mtu anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki hupewa ushauri na kila anayekuja kumjulia hali, na akiwa na kitambi ushauri huo huongezeka maradufu, kwa kuwa kila mmoja ana jirani aliyeisha tumbo kwa ndimu, kwa tangawizi au kwa kulala bila kula. Mimi ni fundi cherehani wa miaka mingi hapa Dar es Salaam, figo zangu ziliharibiwa na presha iliyokaa muda mrefu bila kudhibitiwa, na naandika haya kwa sababu tumbo langu limepungua huku nyama za mwili zikibaki. Washauri wangu wengi hawakujua kama hayo ni mambo mawili tofauti. Mimi niliyajua kwa kazi yangu, si kwa elimu ya hospitali, na hapo naomba nijisifu kidogo.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa dayalisisi mizani ya kliniki ilionyesha uzito ule ule kila mara, na wote tukaridhika, lakini suruali zangu zilikuwa na maelezo mengine. Kiunoni nilikuwa nimeachia mshono wa nyuma mpaka akiba ya kitambaa ikaisha, ilhali kwenye mapaja nilikuwa nimepunguza karibu inchi mbili kila mguu na bado kitambaa kilipwaya. Mteja akiniletea suruali ya namna hiyo, inayobana juu na kupwaya chini kwa wakati mmoja, najua kwamba mwili umehama. Nilichukua futikamba nikajipima: kiuno inchi 43, hipsi 41. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari huweka kikomo cha kiuno kwa wanaume wa Afrika kusini mwa Sahara kuwa sentimita 94, yaani inchi 37, na kwa wanawake sentimita 80. Kwa hiyo nilikuwa nimekivuka mbali sana, na mizani ilikuwa imenyamaza tu.

Daktari wangu wa figo alinieleza vizuri nilipompelekea vipimo hivyo. Mafuta yaliyo chini ya ngozi hayana madhara makubwa kama yale yanayozunguka utumbo na ini. Haya ya ndani humwaga kwenye damu kemikali zinazochochea uvimbe wa ndani kwa ndani, huifanya insulini ishindwe kazi yake, na huharakisha kukakamaa kwa mishipa. Mgonjwa wa figo tayari mishipa yake hukakamaa mapema kwa sababu ya kalsiamu na fosforasi zisizo na mpangilio, na ugonjwa wa moyo ndio unaoua watu wengi zaidi kati yetu sisi wa mashine. Kitambi basi huongeza mzigo pale pale ambapo mzigo umeshazidi.

Jirani yangu wa kiti cha pili, mstaafu wa bandarini mwenye tumbo kunishinda, alipinga vikali. Aliwahi kuambiwa kwamba wanene huishi zaidi kwenye dayalisisi kuliko wembamba, na kwa hiyo kitambi ni akiba. La kushangaza ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa kwa wagonjwa wa dayalisisi wenye uzito mkubwa kulingana na urefu wao vifo ni vichache kuliko kwa wembamba, kinyume na ilivyo kwa watu wengine. Hata hivyo, utafiti uliofanyika Calabria, kusini mwa Italia, kwa wagonjwa zaidi ya 500, na kuchapishwa mwaka 2009, uliangalia uzito na kiuno kwa pamoja: uzito mkubwa uliendana na vifo vichache, lakini kiuno kikubwa kiliendana na vifo vingi zaidi, hasa vya moyo na mishipa. Aliyekuwa katika hali mbaya zaidi ni yule mwenye mwili mdogo na tumbo kubwa, na mimi nilikuwa nikielekea huko huko nikiwa nimevaa suruali niliyoishona mwenyewe.

Sasa nije kwa shemeji yangu. Yeye alipungua kilo nyingi kwa kuacha nyama, kula kabichi ya kuchemsha na kunywa bilauri kubwa ya maji ya moto yenye ndimu kila asubuhi, na kwa kuwa figo zake ni nzima, anaamini kwamba kilichomfaa yeye kitamfaa kila mtu. Alimshawishi mke wangu kwanza, na baada ya hapo nyumbani kwangu hapakupikwa kitu kingine. Wiki za mwanzo kilo zilishuka na shemeji akapiga simu kunipongeza. Kisha nikaanza kukosa pumzi usiku nikilala chali, nikawa nalala nimeegemea mito mitatu, presha ikapanda, na soksi zikawa zinaacha alama za kina kwenye miguu. Sista mmoja aliyekuwa akinifunga mashine alinitazama kwa muda, akasema, "Mzee wangu, uso umekonda lakini miguu imejaa. Unakula nini huko nyumbani?" Nilipomtajia kabichi na ndimu aliweka chini vifaa vyake, akaenda kumwita daktari.

Jambo lililotokea linafaa kueleweka na kila anayetaka kupungua akiwa kwenye mashine. Uzito mkavu ni ule ambao daktari amekadiria kwamba ukiwa nao huna maji ya ziada mwilini, na mashine hupangiwa kukutoa maji mpaka uufikie. Mtu akipoteza kilo tatu za nyama na uzito huo usirekebishwe, mashine itamwachia kilo tatu za maji, kwa kuwa kwa hesabu yake amefika. Ndiyo hali niliyokuwa nayo: nyama ilitoka, maji yakakaa mahali pake, na bilauri za ndimu zikaongezewa mtu asiyekojoa hata kikombe kimoja kwa siku. Kipimo cha albumini, ile protini ya damu, kilikuwa kimeshuka. Nilijipima tena kwa futikamba: tumbo lilikuwa limepungua nusu inchi, paja limepungua inchi nzima. Shemeji nilimweleza kwa upole, naye akajibu kwamba sikufuata masharti.

Uzito mkavu ulishushwa, nikatolewa maji kidogo kidogo kwa awamu kadhaa, na mtaalamu wa lishe akanirudishia protini, kwani kwenye dayalisisi huhitajika gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kiasi kinachozidi cha mtu mzima wa afya. Nakula ute wa mayai, ambao una protini safi na fosforasi kidogo mno, na trei moja huninunulia utulivu kwa elfu kumi hivi, kutegemea msimu. Nakula pia samaki wa kuchemsha na kuku asiye na ngozi. Dagaa nimeaga, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, na mifupa ina fosforasi nyingi. Kilichopunguzwa ni vitumbua vya asubuhi, sukari vijiko vitatu katika kila kikombe, soda nyeusi, ambazo juu ya sukari zina asidi ya fosfori, na wali wa saa nne usiku. Watu hushangaa kwamba nakula sembe badala ya dona, kwa sababu wamezoea kusikia dona ndiyo ya afya. Kwangu dona ina potasiamu na fosforasi nyingi zaidi, madini ambayo figo zangu haziwezi kuyatoa, kwa hiyo nakula sembe, ila kipande ni kidogo. Mchicha hukatwakatwa, huchemshwa kwa maji mengi na maji hayo humwagwa ili potasiamu ipungue.

Lakini chakula peke yake kisingenirudishia mapaja, na hapa ndipo cherehani iliponisaidia. Miaka iliyopita nilifunga mota kwenye cherehani yangu kwa fahari kubwa. Nilimwita fundi akaing'oa, akarudisha mkanda wa ngozi na kikanyagio, na vijana wa karakana wakadhani mzee ameshindwa kulipa umeme. Mwanzoni niliweza kupinda pindo moja tu kabla vigimbi vya miguu havijakaza, nikawa napewa foronya nishone kama mwanafunzi. Baada ya miezi nilikuwa nashona suruali nzima kwa miguu, kwa mapumziko, katika siku zisizo za mashine. Siku ya mashine sikanyagi kitu baada ya kutoka, kwa kuwa presha huwa imeshuka na kichwa huwa chepesi.

Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya lastiki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alishauri tufanye mazoezi ya miguu tukiwa kwenye mashine, katika saa mbili za kwanza, kabla presha haijaanza kuyumba, lakini mikanda maalumu ya mpira ilikuwa ya bei isiyonipendeza. Mimi nina lastiki za kiunoni roli kwa roli. Nilichukua ile pana, nikaiweka tabaka mbili, nikashona kitanzi cha kuzungushia vifundo vya miguu. Kitanzi cha kwanza nilikishona haraka kwa mshono ulionyooka, na katikati ya zoezi, wodi ikiwa kimya, uzi ulikatika kwa mlio uliomfanya mstaafu wa bandarini amwagikiwe na chai, na lastiki ikaenda kutua chini ya kitanda cha mama mmoja aliyekuwa usingizini. Fundi wa miaka yote hii kushona lastiki kwa mshono ulionyooka! Uzi wa namna hiyo haunyumbuki, lastiki ikivutwa uzi hukatika. Kitanzi cha pili nilikishona kwa zigizagi, mistari mitatu, na hicho kimedumu. Nimeshawashonea wenzangu wengi, chekundu kwa wanaoanza na cheusi chenye tabaka tatu kwa wenye nguvu. Gharama yake haifiki elfu tatu, na kwa watu wa mashine sitozi. Kwenye mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya sindano za mashine, hakifungwi kabisa, na mwenye mpira wa kusafishia damu kwenye paja amwulize daktari kwanza.

Wanaonishonesha kitanzi huniuliza pia namna ya kujipima. Pima baada ya kutoka kwenye mashine, kwa sababu kabla ya hapo unapima maji pamoja na mafuta. Futikamba ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, si pale mkanda wa suruali unapokaa, maana wanaume wenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo na kudai kiuno chao ni 36. Toa pumzi kwa kawaida, usivute tumbo ndani. Pima na paja, mahali pale pale kila mwezi, kwa kuwa tumbo likipungua pamoja na paja basi unakula mwili wako. Na tumbo linalokua ghafla lisichukuliwe kuwa ni mafuta. Linaweza kuwa maji yaliyojaa tumboni, au figo zenye vifuko vya maji zinazovimba, na hayo hayaondoki kwa kukanyaga cherehani.

Imechukua zaidi ya mwaka mmoja kufika hapa. Kiuno sasa ni inchi 39, paja limerudi karibu lilivyokuwa, albumini imepanda, na mito imebaki mmoja. Mwezi uliopita daktari aliuongeza uzito wangu mkavu kwa kilo moja, akisema misuli imerudi na hiyo ni nyama, si maji. Shemeji aliposikia kwamba nimeongezeka kilo alinitumia ujumbe mrefu wa sauti kuhusu faida za mbegu za maboga. Sikuusikiliza mpaka mwisho. Mbegu hizo zimejaa fosforasi.